Sushi ya Mkanda Japani: Familia Kutoka Uganda Ikae Wapi, Iagize Nini, Ilipe Kiasi Gani

Kwa familia inayotoka Kampala na watoto, hakuna mahali pepesi pa kuanzia chakula cha Kijapani kuliko mgahawa wa sushi ya mkanda: vipande vya wali wenye siki, mara nyingi vikiwa na samaki juu, vinavyopita kwenye sahani juu ya mkanda unaotembea mbele ya wateja. Bei iko wazi, picha ya kila chakula iko kwenye skrini, sahani moja kwa kawaida ina vipande viwili tu, na asiyetaka samaki mbichi anashiba bila kumgusa. Wanaokwenda Japani kutafuta magari, kusoma au kutembelea ndugu watakutana na migahawa hii karibu na kila stesheni kubwa. Tunaipa alama za juu, kwa sharti moja: agizeni kwenye skrini, msikae mkingoja mkanda uwaletee.

Mkanda wenyewe ulibuniwa na Yoshiaki Shiraishi, mwenye mgahawa wa sushi aliyeona chupa za bia zikipita kwenye mkanda wa kiwanda, akaona sahani zake nazo zingeweza kupita mbele ya wateja bila kuajiri wahudumu wengi. Alifungua mgahawa wa kwanza wa aina hiyo Higashi-Osaka mwaka 1958, na Maonyesho ya Dunia ya Osaka ya 1970 yakaitangaza fikra hiyo kwa umma. Ukiutazama kwa karibu utaona ni vibamba vya umbo la mwezi mchanga vilivyofungwa kwenye mnyororo, kila kimoja kikilalia ukingo wa mwenzake, kama mkanda wa mizigo wa uwanja wa ndege uliofinywa hadi upana wa sahani. Ndiyo maana unakata kona bila sahani kuyumba. Kasi inayotajwa sana ni sentimita 8 kwa sekunde: polepole kiasi cha mtoto kutazama na kuamua, lakini si polepole hata mteja akachoka kungoja.

Sasa fanya hesabu. Kwa kasi hiyo sahani hutembea karibu mita 4.8 kwa dakika. Sushiro, kampuni kubwa iliyoanzia Osaka, iliweka kifaa kidogo chini ya sahani ili ile iliyokwisha kutembea mita 350 iondolewe yenyewe. Mita 350 ni zaidi ya saa moja ya kuzunguka. Samaki hajaharibika kwa muda huo, lakini ladha imeondoka. Jodari aliyezunguka sana hupoteza mng'ao, rangi ikaelekea kahawia, na kingo za kipande zikajikunja juu. Wali ulio chini yake huwa umekauka nje na kushikana ndani. Kinachoharibika upesi kuliko vyote ni kile kilichozungushiwa mwani mkavu, kile chenye mayai ya samaki au mahindi juu. Mwani hunyonya unyevu wa wali, na baada ya dakika chache haukatiki tena kwa meno. Unavutika, na mtoto anaishia na wali mkononi na mwani mdomoni. Kitu chochote chenye mwani kiagizwe, kisichukuliwe kwenye mkanda hata kama kinaonekana kizuri namna gani.

Kuna sababu nyingine ya kuagiza. Mapema mwaka 2023 zilisambaa video za wateja wakilamba chupa za sosi na kugusa chakula cha wengine katika migahawa ya aina hii. Baada ya hapo matawi mengi yaliacha kuzungusha chakula cha kuchagua, na njia ikabaki kuwa ya maagizo tu: unagusa skrini, sahani inatoka jikoni moja kwa moja hadi kwenye meza yako. Mtu anayekwenda akitarajia kuona sushi mia ikizunguka anaweza kukuta njia tupu inayopitisha sahani moja moja. Tunaona mabadiliko hayo ni ya heri. Wali unafika ukiwa bado na uvuguvugu, na huo uvuguvugu ndio nusu ya utamu wa sushi.

Familia iombe meza yenye mabenchi pande mbili, si kaunta. Meza hizo huchukua watu wanne, na watoto wadogo wakiwemo hata sita. Mtoto mdogo asikae upande wa njia ya sahani. Watoto hunyakua kinachopita, na sahani iliyoagizwa na meza nyingine huja juu ya kitako cha rangi au ikiwa na alama ya meza hiyo. Ukiichukua, jirani anangoja chakula kisichofika na wahudumu wanaanza kukitafuta. Sahani iliyoshikwa hairudishwi mkandani, hata kama hujaila. Imeshakuwa yako na utailipia.

Jambo la hatari kuliko yote liko ukutani mwa meza: bomba dogo lenye kitufe cheusi ambacho husukumwa kwa kikombe. Watu wasiolijua hudhani ni la kunawia mikono. Ni maji ya chai, yamekaribia kuchemka, na yanatoka mara tu kitufe kinapobonyezwa. Mtu mzima akae upande huo, na watoto waonyeshwe kabla ya kitu kingine chochote. Chai yenyewe ni unga wa kijani ulio kwenye kopo mezani: kijiko kidogo kimoja kwenye kikombe, maji juu yake, koroga. Ukizidisha unga inakuwa chungu na inajikusanya chini. Maji ya kunywa, baridi, huchukuliwa mahali pake, na hayalipiwi. Chai pia ni bure, na vilevile vipande vya tangawizi iliyolowekwa kwenye siki, ambavyo huliwa kati ya samaki mmoja na mwingine ili kusafisha ulimi.

Wasabi, ile rojo ya kijani inayopanda puani, kwa kawaida haiwekwi ndani ya sushi katika kampuni kubwa. Huja pembeni katika vipakiti vidogo. Hilo ni jema kwa watoto, ila waambiwe mapema kwamba si parachichi.

Sosi ya soya: geuza kipande, chovya upande wa samaki, siyo wa wali. Wali ukichovywa unanyonya chumvi nyingi na kusambaratika kwenye kisahani. Kwa vile vya mwani visivyogeuzika, dondoshea matone mawili matatu juu. Kula kwa mkono kunakubalika kabisa, na kwa watoto wetu waliozoea kula kwa mkono ni bora kuliko kuhangaika na vijiti.

Swali ambalo kila mzazi wa kwetu atauliza ni hili la samaki mbichi. Tumekulia kwenye ngege wa kukaanga na sangara wa mchuzi, na tahadhari yetu ina msingi. Samaki wa maji baridi hubeba minyoo ambayo sehemu ya maisha yake hupita ndani ya viumbe wa ziwani na mitoni, wakiwemo konokono, kisha ikaingia kwa samaki na hatimaye kwa mtu. Sushi hutumia hasa samaki wa baharini, na hao nao wana mnyoo wao, anisakis, ambaye huuawa kwa kupikwa au kugandishwa barabara. Salmoni anayeuzwa kwenye migahawa hii hutoka kwa wingi katika mashamba ya baharini, hasa ya Norway na Chile, ambako hulishwa chakula cha kutengenezwa badala ya samaki wadogo wenye minyoo. Wajapani wenyewe hawakuwa na desturi ya kula salmoni mbichi. Wanorway ndio waliowashawishi, kuanzia miaka ya 1980. Leo ndiye anayependwa na watoto kuliko karibu samaki yeyote, kwa sababu ana mafuta, ni laini na hana harufu kali. Mwenye kutaka kuonja mbichi kwa mara ya kwanza aanze naye, au na jodari mwekundu wa kawaida. Mkono wa pweza na ngisi uje baadaye: ni mgumu kutafuna, na kwa mtoto wa chini ya miaka 4 unaweza kumkaba.

Wazazi wengi wa Japani hungoja mtoto afikishe miaka 3 hivi kabla ya kumpa samaki mbichi. Mama mjamzito abaki kwenye vilivyopikwa. Na akipenda jodari hata akiwa amepikwa, ajue kwamba Wizara ya Afya ya Japani inamshauri asizidishe gramu 80 kwa wiki za jodari wakubwa kama wale wa mapezi ya bluu na wa macho makubwa, kwa sababu ya zebaki.

Vilivyopikwa ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Kamba wa kuchemsha juu ya wali. Yai tamu lililokunjwa tabaka kwa tabaka. Mkunga wa kuchoma wenye sosi nzito tamu. Mahindi na mayonesi ndani ya mwani, ambayo watoto huagiza sahani baada ya sahani. Tango ndani ya wali. Kifuko cha tofu (jibini la soya) ya kukaanga kilichojazwa wali, kitamu na cha kushibisha. Kisha kuna vya pembeni: udoni, yaani tambi nene katika supu ya moto, kuku wa kukaanga, chipsi, kastadi ya mayai iliyopikwa kwa mvuke ndani ya kikombe. Bibi aliyesafiri na wajukuu na hataki kusikia habari ya samaki mbichi aagiziwe udoni na hiyo kastadi ya moto. Atakula kwa amani.

Kwa Waislamu maelezo yanahitaji umakini zaidi. Kuona samaki hakutoshi. Yai tamu, sosi ya mkunga na supu ya udoni mara nyingi hutiwa mirin, kileo kitamu cha kupikia. Sosi nyingi za soya za Japani huongezwa alkoholi ili zisiharibike. Kuku na nyama ya ng'ombe si wa kuchinjwa kihalali, tambi za rameni mara nyingi huja na supu ya nguruwe, na vitamutamu vingine vina jelatini, ambayo huweza kutoka kwa nguruwe. Msitegemee kukuta cheti cha halali katika matawi ya kawaida. Familia nyingi za Kiislamu hubaki kwenye samaki, kamba na tango, na kubeba chupa yao ndogo ya sosi au kutumia chumvi na limau. Hata mchanganyiko wa siki wa wali unaweza kuwa na kileo kidogo, kwa hiyo anayeshika msimamo mkali aulize kabla ya kukaa, au aende kwenye mgahawa wenye cheti. Tokyo na Osaka ipo.

Kati ya kampuni tatu kubwa, kwa familia yenye watoto tunaiweka mbele Kura Sushi. Bado inazungusha chakula mkandani, lakini kila sahani iko chini ya kifuniko cha plastiki kinachoonyesha ndani. Kifuniko hakishikwi: unashika ukingo wa sahani, unauinua kidogo, nacho kinafunguka chenyewe. Ukimaliza, sahani inatumbukizwa kwenye tundu lililo ukingoni mwa meza, maji yanaipeleka jikoni, na mashine inahesabu. Kila sahani tano mchezo mfupi unachezwa kwenye skrini, na ukishinda kidude kinadondoka chenye zawadi ndogo ndani. Watoto hula kwa ari ya ajabu kufukuzia sahani ya tano. Mzazi aangalie tu wasiagize wasichoweza kumaliza, na bakuli za udoni zisiingizwe kwenye tundu hilo, kwa maana zitalikwamisha.

Kwa samaki mwenyewe, Sushiro iko juu. Vipande vyake ni vinene zaidi na jodari wake ana ladha. Baadhi ya matawi yana skrini pana kando ya meza inayoonyesha sushi ikipita kwa picha tu. Mtoto anagusa picha, chakula halisi kinafuata. Hama Sushi ni ya wenye bajeti na ya familia isiyokubaliana, kwa kuwa orodha yake ya vya pembeni ni ndefu na mezani kuna aina kadhaa za sosi ya soya. Wali wake tunauona mtamu kupita kiasi.

Zote zina mashine za kufinyanga wali. Kampuni ya Suzumo ilitoa roboti ya kwanza ya sushi mwaka 1981, na bila mashine hizo bei hizi zisingewezekana. Usitafute humo mkono wa fundi. Unachopata ni wali uliopimwa sawasawa, kidonge baada ya kidonge, na hilo kwa bei yake ni jambo la kuheshimika.

Tukija kwenye pesa: kwa miaka mingi sahani ilikuwa yeni 100 kabla ya kodi. Mwaka 2022 Sushiro na Kura Sushi zikapandisha, na tangu hapo sahani ya chini huanzia takriban yeni 110 hadi 150, kufuatana na kampuni na mahali. Matawi ya katikati ya jiji hutoza zaidi ya yale ya pembezoni. Vya thamani, kama jodari wa mafuta au mayai ya salmoni, huweza kupita yeni 300. Tuseme baba anakula sahani 12, mama 10, watoto wawili sita sita. Hizo ni sahani 34. Kwa wastani wa yeni 160 inakuwa yeni 5,440. Ongeza udoni mbili na vitamutamu, mnafika karibu yeni 6,800. Ukikadiria yeni moja kwa shilingi 24 hadi 25 za Uganda, ni kama shilingi 165,000 kwa watu wanne walioshiba. Rangi ya sahani katika migahawa mingi ndiyo bei yake. Waonyesheni watoto rangi ya bei ya chini, mwachie kila mmoja sahani moja ya ghali aichague mwenyewe. Kinachopandisha bili kimyakimya ni vya pembeni na vinywaji. Soda na chipsi kwa watoto wawili ni sawa na sahani kadhaa za samaki.

Hapo kwenye skrini badilisheni lugha kwanza, Kiingereza kipo. Agizeni sahani mbili au tatu kwa wakati mmoja, siyo kumi. Jiko litazileta zote kwa mpigo, na za mwisho zitaliwa zikiwa zimepoa. Anzeni na samaki weupe na ngisi, mwende kwa jodari na salmoni, wenye harufu kali kama vibua waje baadaye, mkunga mtamu mwisho. Ukianza na mkunga, weupe hawatakuwa na ladha yoyote baada yake.

Jumamosi na Jumapili mchana na jioni foleni hupita saa moja. Mlangoni kuna mashine: gusa idadi ya watu wazima na watoto, chagua meza, chukua namba. Namba huitwa kwa Kijapani, hivyo tazameni ubao wa namba. Saa nane hadi saa kumi alasiri, siku za kazi, mnaingia moja kwa moja. Mkimaliza, gusa kitufe cha bili. Sahani zikihesabiwa chukueni kibao au karatasi yenye namba ya meza mkalipe mlangoni, mara nyingi kwa mashine. Bahashishi haitolewi. Mabaki hayafungwi kwenda nayo, maana mgahawa unaogopa mtu kuugua kwa samaki aliyekaa kwenye joto. Wenye kutaka cha kubeba huagiza kando.

Mkirudi Kampala watoto wataulizia. Ipo migahawa ya hapa inayouza sushi, ikiletwa mezani. Kumbukeni Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, kwa hiyo swali la kumuuliza mhudumu ni moja: samaki huyu wa kuliwa mbichi aligandishwa kwa nyuzi ngapi na kwa muda gani? Kipimo kinachotumika sana ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Asipojua kujibu, agizeni vilivyopikwa. Friji ya nyumbani, ambayo umeme ukikatika nayo inayeyuka, haifanyi kazi hiyo. Na ngege au sangara wa Ggaba asiliwe mbichi kamwe, hata awe ametolewa majini asubuhi hiyo. Limau na chumvi haviui minyoo.

Nyumbani tengenezeni ya tango, yai na kamba wa kuchemsha. Mchele mrefu wa pilau hautashikana. Tafuteni mfupi wa punje za duara. Osheni gramu 300 hadi maji yawe karibu safi, pikeni kwa mililita 360 za maji, mfunike dakika 10 baada ya kuzima moto. Changanyeni mililita 50 za siki ya mchele au ya tufaha, vijiko 2 vya chakula vya sukari na kijiko 1 cha chai cha chumvi, mwagieni wali ungali moto, mkikata kwa mwiko badala ya kukoroga ili punje zisipondeke. Siki nyeupe ya kawaida ni kali, mililita 40 zinatosha. Mpepee hadi uwe vuguvugu, funikeni kwa kitambaa chenye unyevu, na wali wote uliwe siku hiyo hiyo. Ukiwekwa kwenye friji unakuwa mgumu.